Namba Yangu ya Simu Kwenye Gogo

Karakana ya Mabango,
Nyuma ya Posta ya Zamani,
S.L.P. 47.

Alhamisi, tarehe 9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako uliyemwacha akiwa bado na nywele. Hujambo? Shemeji hajambo? Wapwa zangu hawajambo, na yule mkubwa bado anarefuka kwa kasi ile ya kwenye picha, au amesimama kidogo ili suruali zipumzike? Na mgongo wako ulionitajia kwenye barua iliyopita unaendeleaje? Unainua wagonjwa kutwa nzima halafu unashangaa mgongo kulalamika. Mwambie huyo mkubwa wa wodi atafute mtu wa kukuinua na wewe.

Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri, anasikia yote asiyotakiwa kuyasikia, na akiitwa hasikii. Wifi yako anakusalimu sana. Kile kitambaa ulichomtumia ameshakishona na kimemkaa vizuri, ila anaapa kwamba fundi cherehani kamwibia kipande. Mimi mwenyewe sijambo, ukiacha goti, meno mawili, na hasira.

Hiyo hasira ndiyo iliyonikalisha kwenye kiti kuandika. Utauliza kwa nini nisipige simu. Nimepiga mara mbili, na mara zote ulipoitika tu nikaanza kukuuliza hali ya hewa ya huko, kama mtangazaji. Kuna mambo yananitoka vizuri mkononi kuliko mdomoni. Kwa hiyo soma taratibu, ukiwa umekaa, na usimdokeze Mama lolote mpaka ufike mwisho.

Msitu wetu unakatwa.

Sisemi ile misonobari ya kupandwa kule njia ya machinjioni. Nasema msitu wenyewe, wa kilimani, juu ya chemchemi, ule ambao hauna mwenyewe kwa sababu ni wa watu wote. Kibao cha langoni nilikiandika mimi, miaka kumi na tisa sasa: MSITU WA UMMA. NI MARUFUKU KUKATA MITI. Herufi nyeupe juu ya kijani. Kibao bado kipo, hata rangi haijabanduka, na malori ya magogo yanapita chini yake kama vile nimeandika KARIBUNI.

Mambo yalianza kwa kibali. Kampuni moja ya mbao ilipewa ruhusa ya kuondoa miti iliyokufa na iliyoanguka yenyewe, wakasema inaziba njia na inaleta moto. Nani abishane na hilo? Hata mimi nilisema afadhali. Wiki ya pili akashuka Fundi Bomba, yule anayetunza mitambo ya maji pale chemchemi. Unamkumbuka, alitaka kukuposa ukamwambia ananuka grisi. Bado ananuka. Akasema ameona miti iliyokufa ikipakiwa kwenye lori, na ina majani mabichi.

Tukaunda kamati. Mwenyekiti ni Mkunga, yule mama mstaafu. Huyo aliwapokea watu wote wa mji huu wakiwa uchi, kwa hiyo hakuna wa kumringia. Katibu ni Mwalimu wa Hesabu, aliyekuchapa na kunichapa, mimi zaidi. Mwalimu ndiye aliyetoa wazo: tuihesabu miti yote mikubwa, kila mti upewe namba yake kwa rangi, na kila namba iingie kwenye daftari. Mti ukikatwa, namba itakosekana, na hapo hakuna wa kutuambia kwamba haukuwepo.

Wazo zuri. Hata leo nasema ni zuri. Kosa lake ni kwamba liliangukia mikononi mwangu.

Mwalimu alitaka rangi nyeupe. Mimi nikasema nyeupe inachafuka upesi, nyekundu inaonekana toka mbali, na kwa rangi mtaalamu ni mimi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na makopo manne ya nyekundu yaliyobaki kwenye kazi ya bucha, nikaona yatafute pa kwenda. Mkunga akakubali, Mwalimu akaandika "nyekundu" daftarini. Namwona mpaka sasa alivyoipigia mstari.

Tulifanya kazi wiki tatu, kuanzia asubuhi mpaka goti liseme basi. Fundi Bomba anasafisha gome, mimi naandika usawa wa kifua, Mwalimu anaingiza daftarini. Miti mia sita na kumi na miwili. Nikwambie ukweli, sijawahi kuandika namba nzuri kama zile. Nane zangu zilikuwa na kiuno. Nne zilikuwa na mabega.

Sasa unajua ninavyomaliza bango: chini pembeni, kwa herufi ndogo, naweka BRASHI na namba ya simu. Ni miaka ishirini na sita ya mazoea, mkono unajiendea wenyewe. Nilikuwa nimefika mti wa mia na arobaini ndipo Mkunga alipopanda kutukagua. Akainama, akavaa miwani, akasoma.

"Brashi," akasema, "hapa unamtangazia nani biashara? Nyani?"

Nikamwambia ni mazoea tu, mama.

"Na nyani akipiga simu utamwandikia bango gani?"

Fundi Bomba alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo nikaandika namba tupu, bila saini, na nilinuna siku nzima kama mtoto.

Halafu ikaja Jumanne ile. Mashine zilianza kulia asubuhi, na hazikunyamaza mpaka Jumatano jioni. Tulipopanda Alhamisi tukakuta visiki arobaini na vitatu na tope jekundu mpaka kwenye chemchemi. Mwalimu alikuwa anatembea na daftari, anakagua namba ambazo hazipo, anaweka alama ya mkasi. Alipofika katikati akasimama. Akanionyesha miti iliyobaki wima kati ya visiki, ile midogo midogo ambayo hatukuiandika. Haikuguswa hata mmoja.

"Wamekata yetu tu," akasema. "Iliyo na namba tu."

Kesho yake tukaenda kwa Afisa Misitu. Mimi namwita Bwana Muhuri, maana mezani kwake kuna mihuri mitatu, kalenda, na feni inayompepea yeye peke yake. Akatutolea kibali, akatusomea kwa kidole. Kampuni itakata miti ile tu iliyowekwa namba nyekundu na ofisi yake. Yeye ndiye aliyetakiwa kupanda kilimani, kuchagua miti iliyokufa, na kuipiga namba. Hakupanda. Dereva wake alipita njia ya juu, akamwambia namba nyekundu zipo tayari, naye akaandika kwamba kazi ya kuweka alama imekamilika, akagonga muhuri.

Umeelewa, mdogo wangu? Tulipanda kulinda miti, tukaichagulia kifo. Mti mmoja mmoja, kwa mwandiko mzuri.

Mkunga akamuuliza, "Wewe mwenyewe ulifika msituni?"

"Mama, mimi nina wilaya nzima."

"Sikukuuliza una nini. Nimekuuliza ulifika?"

"Kazi imefanyika, mama. Namba zipo. Tena zimeandikwa kwa mkono mzuri sana, sijui ni yupi katika vijana wangu."

Nimeandika mabango umri wangu wote na hakuna mkubwa wa serikali aliyewahi kunisifu. Siku nasifiwa, ndiyo hiyo. Nikamwambia, ni mimi niliyeziandika.

Akanitazama. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Halafu akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Basi mzee una kesi. Kuweka alama kwenye mti wa hifadhi bila idhini ni kosa, na kifungo chake kinafika mwaka." Akaikunja karatasi yake. "Lakini tusiyakuze. Wewe hukuandika, na mimi sikusikia."

Natamani nikwambie kwamba niliinuka nikampa maneno yake. Sikuinuka. Goti lilikataa, au mimi nililisingizia. Mkunga ndiye aliyeinuka, na sisi tukamfuata.

Sijui kama yule mtu ni mvivu au anakula nao, na sijui lipi kati ya hayo linaniudhi zaidi. Mwizi angalau hufika mahali anapoibia.

Tulipata wakili, binti mmoja mwenye sauti ndogo na vitabu vikubwa, anatusaidia bila kutaka kitu. Akaomba mahakama isimamishe ukataji, ukasimamishwa mpaka Jumatatu ya tarehe 27 mwezi huu, siku kesi itakaposikilizwa. Lakini Bwana Muhuri ameshaapa kwamba namba ziliwekwa na vijana wake. Kampuni nayo inashikilia hapo hapo: alama ni za ofisi, sisi tumefuata alama. Daftari la Mwalimu wanalicheka, wanasema daftari mtu yeyote anaweza kulijaza nyumbani. Na saini zangu kwenye miti iliyosimama, wanasema nimeziongeza baadaye chini ya namba zao. Na magogo yote arobaini na matatu yalishaondoka, hakuna ajuaye yalikokwenda. Nilitaka nipande na kopo la rangi nyeusi nikafute kila kitu. Wakili akasema nikigusa hata namba moja nitaonekana naharibu ushahidi wa ofisi.

Kwa hiyo jambo lote limekuwa moja. Zikiwa namba za ofisi, miti mia tano sitini na tisa iliyobaki itakwenda kihalali. Zikiwa zangu, kibali hakina miguu. Wakili akaniletea hati ya kiapo nitie sahihi kwamba ni zangu. Nikamwambia nitaifikiria.

Niliifikiria siku kumi na mbili. Nakuandikia hili kwa sababu hutalisikia kwa mwingine. Kila asubuhi nilifungua karakana, nikachanganya rangi, nikaifikiria. Mkunga alisema hakuna atakayenilazimisha, na mdogo wangu, afadhali angenilazimisha. Fundi Bomba alipita kila siku akinisalimu kwa heshima, jambo ambalo hajawahi kulifanya toka tujuane. Na dereva wa Bwana Muhuri akanipitia na ujumbe: mkubwa anasema mzee akumbuke tulivyokubaliana. Hatukukubaliana chochote. Nilinyamaza tu, na yeye akaugongea muhuri ukimya wangu kama anavyogongea kila kitu.

Jumamosi nilikuwa juu ya ngazi naandika ukuta wa kinyozi. Simu ikaita, namba nisiyoijua. Mtu akaniuliza kama mimi ndiye Brashi. Nikasema ndiye.

"Nimeupenda mzigo wako," akasema. "Unayo mingine kama huu?"

Nikajua ni mteja wa mabango. Nikamwambia ninayo ya ukubwa wowote, yenye picha na isiyo na picha.

"Picha za nini, bwana? Mimi nataka magogo."

Nikamuuliza namba yangu kaipata wapi.

"Si umeiandika mwenyewe kwenye gogo? Hapa, chini ya 118."

Nilishuka ngazi, nikakaa kwenye kiti cha kunyolea. Kinyozi akanifunga na shuka.

Mti wa 118 unaujua, ila hukuujua kwa namba. Ni ule wa kona ya pili, wenye mizizi kama kiti cha mikono. Pale ndipo ulipokuwa unajificha na kitabu chako cha hadithi kila zamu yako ya maji ilipofika, na mimi namwambia Mama upo kwenye foleni ya bomba. Nilikudanganyia miaka minne. Nilipouandika nilicheka peke yangu, nikapanga niupige picha nikutumie bila maelezo nione kama utautambua. Nikaahirisha.

Huyo bwana ni mpasua mbao, ana mashine yake mwendo wa siku mbili kwa basi kutoka huku. Nilimweleza yote nikiwa na shuka shingoni. Nikamsikia akimwambia mtu azime mashine. Halafu akasema karatasi alizopewa zinasema ni mti mkavu ulioanguka wenyewe, na yeye alishangaa tangu mwanzo, maana msumeno ulipoingia tu ulirusha maji. Hataki jina lake lifike mahakamani, ana familia na hao jamaa ndio wanaomletea kazi. Lakini banzi atanitumia.

Banzi ni ule ubao wa kwanza kabisa wanaoupasua pembeni mwa gogo, upande mmoja bapa, upande wa pili bado una gome. Wenye mashine wanayatupa mabanzi au wanayachoma. Langu lilifika jana kwenye basi, limefungwa gunia, pamoja na nakala ya kibali cha kusafirishia. Kibali kinasema: mti mkavu, namba 118. Muhuri upo, umegongwa vizuri. Na kwenye gome, nyekundu kama nilivyoiacha, ipo 118, na chini pembeni, kwa herufi ndogo, jina langu na simu yangu.

Wakili alilitazama banzi, akalizunguka, akasema hii ndiyo kesi, saini hii hakuna wa kusema iliongezwa baadaye. Halafu akanitazama mimi. "Ila banzi halisemi, mzee. Lazima mtu asimame aseme mkono huu ni wangu."

Wifi yako aliposikia kuhusu mwaka wa kifungo akasema, "Miaka yote nakuambia uache kujitangaza." Kisha akaosha sahani moja mara tatu.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na naomba unisikilize. Miti arobaini na mitatu imeangushwa, na hakuna aliyekosa. Aliyekata ana kibali. Aliyetoa kibali ana muhuri. Dereva wa lori ana karatasi. Katika mji mzima mwenye kosa amepatikana mmoja, na ni yule mjinga aliyepanda na brashi akaandika namba ili miti isiibiwe. Wao wameua msitu kwa utaratibu, mimi nimeupaka rangi bila idhini.

Na maji yanatoka bombani na tope. Mama anayachuja kwa kitambaa cheupe, mara mbili, anayaacha yatulie kwenye ndoo, na bado chini panabaki unga mwekundu. Ameniuliza kwa nini. Nimemwambia wanatengeneza mabomba. Ni uongo wangu wa kwanza kwake toka ule wa foleni yako, na safari hii sikuuona mtamu. Alinitazama kama anayejua, akachukua kitambaa chake akaendelea kuchuja.

Basi jana jioni nilitia sahihi. Wakili akaisoma hati yangu, akanirudishia akatikisa kichwa: chini ya sahihi nilikuwa nimeandika namba ya simu. Ikabidi tuandike nyingine.

Tarehe 27 nitasimama. Usinidhanie ushujaa. Naogopa. Sitaki kulala mahali ambapo kuta hazina hata tangazo. Lakini nitapitaje tena chini ya kile kibao cha langoni, mwandiko wangu mwenyewe ukinitazama?

Nimebandika stempu za kutosha, kwa hiyo barua itakufikia kabla ya siku hiyo, Posta wakiamka. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, usinitumie nasaha. Nimeshapewa na Mkunga, wifi yako, wakili na kinyozi. La pili, Jumapili ile ya tarehe 26 mpigie Mama umweleze kila kitu wewe, kwa taratibu zako za hospitali, maana wewe ndiye anayekuamini. Na ukishamweleza yangu, umwambie na ukweli wa foleni ya bomba. Nataka nikisimama kuapa pale mbele niwe sina deni lolote la uongo nyumbani kwetu, hata lile nililobeba kwa ajili yako.

Nisalimie sana shemeji, mwambie mchezo wa karata tuliouacha bado ni wangu. Wabusu wapwa zangu wote, mdogo kwanza ili asilie. Shangazi akipiga simu mwambie tu hatujambo, ya kwake yanamtosha. Mkunga anakusalimu, anasema ulizaliwa ukipiga kelele na anatumaini hujaacha. Fundi Bomba pia anakusalimu, sijui kwa matumaini gani. Mungu akupe nguvu ya mgongo na usingizi wa kutosha, awalinde wote wa nyumba yako, na atuachie chemchemi yetu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu zamu za maji mpaka leo,

Brashi

Nilikaribia kusahau. Lile doa la kahawia pembeni mwa karatasi hii ya mwisho si chai, usinisingizie uchafu. Meza ya karakana imejaa makopo, kwa hiyo barua yote nimeiandikia juu ya banzi, upande bapa, gome likiwa chini. Karatasi iliganda, nikaibandua taratibu. Ni utomvu. Linuse, bado lina harufu ya pale kona ya pili. Kwenye karatasi zao ule mti ni mkavu.